Sheria ya Karatasi na Wanawake wa Lwengele

Palikuwa na nchi, na kwa bahati mbaya bado ipo, ambayo jina lake siwezi kulitaja kwa sababu lile la zamani lilifutwa na jipya liko kwenye mchakato. Ni nchi nzuri. Ina amani, ina utulivu, na ina wizara thelathini na nane. Mimi ni karani daraja la nne katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, wala si mtu wa siasa. Kazi yangu ni kupokea barua za wananchi, kuzigonga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuziweka chumba cha nyuma. Nimeifanya kwa miaka ishirini na saba bila doa, na sijawahi kusoma barua hata moja, kwa kuwa mwongozo wa kazi hausemi popote kwamba nisome.

Nchi hiyo inapenda karatasi kuliko inavyopenda mvua. Mtoto hahesabiwi kuwa amezaliwa mpaka pawe na karatasi. Mzee mmoja wa kata ya jirani alikaa mochwari wiki tatu akiwa hai kiofisi, maana fomu za vifo zilikuwa zimekwisha. Na karatasi zote hizo zilikuja kwa meli kutoka nchi za watu, kwa zabuni ambazo kila mwaka zilikuwa na kasoro ndogondogo, na kila mwaka kasoro hizo zilijenga nyumba ya ghorofa mahali fulani.

Karatasi pekee iliyotengenezwa nchini ilitoka Lwengele. Huko, penye chemchemi isiyokauka, wanawake arobaini na mmoja walichukua mashina ya migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, wakayakatakata, wakayachemsha kwa maji ya majivu, wakayatwanga kwenye vinu mpaka yawe rojo. Rojo waliimwaga kwenye karo la maji safi, wakaichota kwa fremu ya wavu, na kilichobaki juu ya wavu kilikandamizwa kwa mawe, kikabandikwa ukutani kukauka. Wenye maduka ya zawadi waliinunua. Wachumba waliitengenezea kadi za harusi. Kwa karatasi hiyo nyumba za Lwengele ziliezekwa bati, watoto wakaenda sekondari, na Bi Sikudhani Mgaya, mwenyekiti wao, mjane wa miaka sabini, alilea wajukuu sita bila kumpigia mtu magoti.

Lakini nyuzi za mgomba peke yake hutoa karatasi ngumu inayokatika ikikunjwa. Ili ilainike, wanawake walichanganya karatasi kuukuu. Na hapo walikuwa na mwiko wao: karatasi yenye maandishi haiingii majini kabla haijasomwa kwa sauti. Hata iwe daftari la mtoto wa darasa la pili, hata iwe karatasi iliyofungia maandazi. Mmoja husoma, wengine wanatwanga na kusikiliza. Bi Sikudhani, ambaye hakujua kusoma, ndiye aliyeushikilia mwiko huo kuliko wote.

"Aliyeandika alitaka asikike," alikuwa akisema. "Ukimzamisha hajasikika, umemnyonga."

Mwaka huo Waziri wa Karatasi, Mheshimiwa Profesa Daktari Onesfori Kilatu, alipita Lwengele na magari ishirini na mawili. Alikuwa amepotea njia, ila kwenye taarifa iliandikwa ziara ya kushtukiza. Akashuka, akaishika karatasi, akainusa, akaiinua juani. Uso wake ukajaa majonzi.

"Ndugu zangu," alisema, "leo nimeona jambo la kusikitisha sana. Nimeona watu wanajitegemea bila mwongozo. Serikali yenu imehangaika usiku na mchana kuwatafuta wanyonge iwainue, kumbe ninyi mmejificha huku bondeni mnainuka wenyewe. Nani kawaruhusu? Karatasi ni uso wa dola. Leo mnatengeneza karatasi, kesho mtatengeneza hati, keshokutwa mtatengeneza nchi."

Wanawake walipiga makofi, kwa sababu Mkuu wetu wa Wilaya, Bwana Anselmi Kitunda, alikuwa amesimama nyuma ya Waziri akiwaonyesha kwa mikono wapige makofi.

Baada ya wiki mbili ilitoka Sheria ya Karatasi. Hakuna kutengeneza karatasi bila kibali. Ombi la kibali liandikwe kwa nakala kumi na sita, kwenye karatasi iliyotengenezwa na mtu mwenye kibali. Kwa kuwa nchi nzima hapakuwa na mtu mwenye kibali, wanawake waliuza mbuzi wakanunua karatasi ya meli, dukani kwa shemeji yake Waziri. Kifungu cha tisa kilisema hivi, nami nakinukuu kwa sababu mambo yote yalikuja kusimama juu yake: mwombaji ambaye ombi lake lipo Serikalini hataondolewa mahali pake pa kazi, lakini ombi lisilojibiwa ndani ya siku tisini litahesabiwa halikuletwa, na mahali hapo patapewa mwekezaji. Mwekezaji alikuwa amekwisha kupatikana. Ni shemeji yuleyule, kwa bahati tu.

Bi Sikudhani alileta ombi lao yeye mwenyewe. Alitembea saa nne, akanikabidhi bahasha kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hii ndiyo chemchemi yetu humu ndani," aliniambia. "Uiangalie."

"Usiwe na wasiwasi, bibi," nilimjibu, nikagonga muhuri. Kisha nikaipeleka chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma, ndugu msomaji, kilikuwa kimejaa mpaka darini. Kila mwaka niliandika kumbukumbu ya kuomba chumba kingine, na kumbukumbu hizo pia nilizipokea mimi, nikazigonga muhuri, nikaziweka humo.

Wakati huo Wizara ilikuwa ikijenga kando ya chemchemi Kituo cha Taifa cha Umahiri wa Karatasi Asilia. Alitumwa mtaalamu aliyesomea karatasi ng'ambo miaka saba bila kuloa. Aliwaita wanawake kwenye semina elekezi ya siku tano, akawafundisha maana ya mgomba. Siku ya sita akataka kuwaonyesha kwa vitendo. Alikataza majivu kwa kuwa si ya kisayansi, akakataza kutwanga kwa kuwa kunadhalilisha mwanamke, akabonyeza mashine. Mashine ilitoa kitu kizito cha kijivu ambacho kuku walikionja wakaondoka. Mtaalamu akaandika ripoti kwamba malighafi ya Lwengele haina uzalendo.

Yote hayo ningeyavumilia. Nimevumilia mengi. Lakini siku ya sitini tangu ombi lipokelewe, ofisini ililetwa habari kwamba Mtukufu Rais anakuja kukizindua Kituo, na kwamba ratiba za sherehe, elfu tatu, lazima zichapwe kwenye karatasi ya asili iliyotengenezwa na Kituo hicho. Bwana Kitunda alikaa kitini, akafungua shati vifungo viwili. Kisha akaniita.

"Karani, wale mabibi wanaweza elfu tatu kwa siku kumi?"

"Wanaweza, mheshimiwa. Lakini wamezuiwa kwa sheria."

"Waambie nimewazuia kwa maandishi na nimewaruhusu kwa mdomo. Wakimaliza, kibali chao nitakisaini mwenyewe. Na hicho chumba chako cha nyuma kisafishe. Rais hawezi kuja kuona takataka. Wape hizo karatasi wachanganyie humo humo."

Mimi nilimwelewa vizuri sana. Nilijaza magunia kumi na tisa, nikayapeleka Lwengele kwa trekta la halmashauri.

Siku ya nne nilitumwa kwenda kuwahimiza. Niliwakuta wanawake wote wamekaa chini kulizunguka karo. Vinu vilikuwa vikavu. Moto ulikuwa haujawashwa. Zaituni, binti wa Bi Sikudhani aliyefika kidato cha nne, alikuwa akisoma, na wengine sita wanaojua kusoma walikuwa wakisubiri zamu.

"Shikamoo, bibi," nilisema. "Mbona hamjaanza?"

"Marahaba, mwanangu. Tumeanza. Tunasoma."

"Bibi, hizo ni takataka za ofisi. Siku zinakwenda."

"Keti," alisema Bi Sikudhani. "Mletee karani chai."

Nikaketi. Zaituni akaendelea. Alisoma barua ya mwalimu aliyeomba madawati, akasema watoto wameanza kupinda migongo. Alisoma ya mzee aliyedai malipo yake ya uzeeni, na akachukua nyingine ya mzee huyohuyo, na nyingine, na kila barua mwandiko ulikuwa umezidi kutetemeka, mpaka ile ya mwisho iliandikwa na mjukuu kueleza kwamba babu hayupo tena lakini familia bado inasubiri. Alisoma ya mama mmoja wa Kisangasi, jina lake Nyamizi, aliyeandika kwamba daraja la miti limeoza, linahitaji mbao nne tu, na kama mbao ni tatizo yeye atazitoa, anaomba ruhusa tu ya kuzigonga, maana daraja ni mali ya Serikali. Kisha ya pili ya Nyamizi huyo. Kisha ya tatu, fupi, ikisema kwamba mwanawe ameanguka pale Jumanne akitoka shule, wamempata mtoni huko chini, karibu na mashine ya kusaga, na kwamba zile mbao nne bado anazo.

Mwanamke mmoja alijifunika kanga usoni.

Kila barua ilikuwa na muhuri wangu. Wote waliuona, na walikuwa na adabu, hawakuniangalia. Nilikasirika. Karani daraja la nne haruhusiwi kukasirika saa za kazi, lakini nilikasirika mpaka chai ikanimwagikia gotini. Nilimkasirikia Kitunda, nikamkasirikia Waziri na maprofesa wake waliomo ndani ya mtu mmoja, nikakasirikia mkono huu wangu wa kulia ambao kwa miaka ishirini na saba ulikuwa ukigonga, ukigonga, ukigonga. Mbao nne! Watu wamekufa ndani ya chumba changu cha nyuma nami nilikuwa nafunga mlango kwa ufunguo saa tisa na nusu nakwenda zangu nyumbani.

Kwenye gunia la tisa, Zaituni alitoa bahasha nene ambayo, kama nyingine, haikuwa imefunguliwa. Akaifungua. Akasita.

"Mama," alisema, "hili ni ombi letu. Zote kumi na sita."

Bi Sikudhani alinyoosha mkono akaipapasa ile karatasi, kwa kuwa kuisoma hakuweza.

"Wametuletea tujizamishe wenyewe," alisema polepole. "Haya. Soma, tusikie tuliomba nini."

Zaituni akasoma. Ilikuwa mistari mitatu: sisi wanawake arobaini na mmoja wa Lwengele, tunaomba ruhusa ya kuendelea na kazi tuliyokuwa tunaifanya, mahali tulipokuwa tunaifanyia.

Mwanamke aitwaye Tabu akauliza, "Sasa hizi tumekwisha kuzisoma. Mwiko unaruhusu. Tunatwanga?"

"Nani ameandikiwa barua hizi?" Bi Sikudhani alimuuliza. "Mimi? Wewe? Sisi tumezisikia, lakini si sisi tuliotumiwa. Mwenye kutumiwa bado hajasikia. Hakuna kutwanga."

Basi hawakutwanga. Waliendelea kusoma, na habari zikatembea kwa miguu. Watu wa vijiji vya mbali wakaanza kuja, wakikaa kwenye nyasi, kila mmoja akisubiri kama litatajwa jina lake. Siku ya kumi Bwana Kitunda alifika na lori la kubebea ratiba elfu tatu. Alikuta sifuri. Alikuta umati wa watu wamekaa kimya wakimsikiliza Zaituni akisoma lalamiko kuhusu Bwana Kitunda.

Bi Sikudhani alikamatwa palepale. Sherehe ya uzinduzi ilifanyika wiki iliyofuata kwa ratiba za karatasi ya meli zilizochorwa picha ya mgomba, na Mtukufu Rais akakipongeza Kituo kwa ubora.

Katika nchi hiyo, kesi ya mwananchi dhidi ya Serikali husubiri miaka, ila kesi ya Serikali dhidi ya mwananchi husikilizwa kesho yake. Bi Sikudhani alishtakiwa kwa kusoma nyaraka za Serikali bila idhini. Alisema hajui kusoma. Mwendesha mashtaka akasema hilo linazidisha kosa.

"Mheshimiwa hakimu," alisema mwendesha mashtaka, "nyaraka hizi ni siri."

"Serikali imezisoma?" aliuliza hakimu.

"Hapana, mheshimiwa."

"Mnajuaje kwamba ni siri?"

"Siri kubwa kuliko zote ni ile ambayo hata Serikali yenyewe haijaijua."

Hakimu aliandika jambo hilo. Kisha akasema kwamba kwa mujibu wa sheria ya ushahidi kila kielelezo lazima kisomwe mahakamani, akaagiza gunia moja kwa siku. Kwa siku kumi na tisa za kikao karani wa mahakama alisoma, na ukumbi ukajaa, na madirisha yakajaa. Mama Nyamizi alikuja kutoka Kisangasi. Barua zake tatu ziliposomwa alisimama, akazisikiliza kwa kusimama mpaka mwisho, kisha akakaa.

Lile ombi la Lwengele lilikuwa limerudishwa kwenye gunia la mwisho. Liliposomwa, ilikuwa siku ya tisini na mbili tangu nilipolipokea. Mwendesha mashtaka alihesabu kwa vidole, akaomba mapumziko, akanong'ona na Bwana Kitunda, akarudi anatabasamu.

"Mheshimiwa hakimu, Serikali inaondoa mashtaka. Siku tisini zimepita. Kwa kifungu cha tisa ombi hili halikuletwa, na kwa mantiki hiyohiyo hata haya mengine, ambayo ni ya miaka mingi, hayakuletwa. Mshtakiwa hawezi kuwa amesoma kisichokuwepo. Tunamwachia huru kwa moyo wa huruma."

Watu wengine walianza kushangilia. Bi Sikudhani hakushangilia. Alikuwa ameshika kizimba kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, mimi nimesoma," alisema. "Nakiri kosa."

"Bibi, umeachiwa huru."

"Sitaki. Baba, nisikilize. Kama nina kosa, basi karatasi hizi ni za Serikali. Kama ni za Serikali, basi zilifika. Kama zilifika, ombi letu lipo, na wenzangu arobaini hawatolewi chemchemi. Nifunge mimi mmoja. Miaka mnayotaka. Na huyu Nyamizi, mkiniachia mimi, mnamwambia hakuandika? Mtoto hakufa?"

Hakimu alivua miwani. Nadhani alikuwa mtu mwema. Nchi ile ina watu wema wengi, wamekaa kila ofisi.

"Waraka huwa wa Serikali pale unapopokelewa na ofisa," alisema. "Nikipata ofisa wa kuniambia kwa kiapo kwamba alizipokea, siwezi tena kuhesabu kwamba hazikuletwa; mashtaka yatabaki, na ombi litakuwa lipo."

"Zina muhuri," alisema Zaituni kutoka kwenye benchi.

"Muhuri ni wino tu," alisema mwendesha mashtaka. "Unaweza kuchongwa popote. Atokee mtu aseme ni wake."

Hakimu akauangalia ukumbi. "Je, yupo aliyezipokea?"

Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Bwana Kitunda hakugeuka kuniangalia. Hakuwa na haja. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu. Nina mke mwenye shinikizo la damu. Nina nyumba ambayo haijafika kwenye lenta. Hizo ndizo sababu zangu, nazitaja zote ili mzione zilivyo ndogo. Hakimu alisubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko sheria inavyomtaka, na mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, nikiona kwamba kile cha kushoto kinataka kushonwa.

"Hayupo," alisema hakimu, akagonga meza.

Wanawake walipewa mpaka jioni ya siku ileile kuondoa vyombo vyao. Nilikwenda. Sijui nilikwenda kufanya nini. Askari wa shemeji walikuwa wamekwisha kuvuta waya kuizunguka chemchemi, wameacha upenyo wa mtu mmoja, na wanawake walikuwa wakipita pale mmoja mmoja na fremu, na sufuria, na mawe ya kukandamizia. Ukutani zilikuwa zimebaki karatasi chache za zamani, za kabla ya Sheria. Askari mmoja alikuwa akizibandua akijipepea.

Bi Sikudhani alitoka wa mwisho. Alikuwa amejitwika kinu, mkono mmoja umekishika, mwingine umeshika mchi. Kilima ni kirefu pale. Nilimkimbilia, nikanyoosha mikono nimtue.

"Bibi, nikupokee."

Alisimama, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu mahakamani. Hakuwa na hasira. Hasira ilikuwa yangu, yote, na sikuwa na pa kuipeleka.

"Acha, mwanangu," alisema. "Ulivyopokea vinatosha."

Akanipita, akaanza kupanda kilima.